Thamani ya Gari Lililokoma Kuundwa

Vitu viundwavyo na binadamu vina vifo viwili. Kifo cha kwanza hutamkwa kiwandani, siku wakubwa wa shirika wanapoketi na kukata shauri kwamba kitu fulani hakitaundwa tena. Kifo cha pili huja pole pole, mahali mbali na kiwanda, siku fundi wa mwisho anayekijua kitu hicho anapoweka spana chini na duka la mwisho lenye vipuri vyake linapofunga mlango. Kati ya vifo hivyo viwili kuna muda, na muda huo huweza kuwa mfupi kama msimu mmoja wa mvua au mrefu kama utu uzima wa mtu. Mtu anunuaye gari kuukuu la aina iliyokoma kuundwa hununua sehemu ya muda huo. Swali limpasalo kuuliza, basi, ni moja: kifo cha pili kiko umbali gani?

Swali hilo huulizwa mara nyingi Mpemba, kata iliyo katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mpemba iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam hata mpaka wa Zambia, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Na hapo ndipo njia iendayo Ileje na Isongole, mpakani mwa Malawi, inapoachana na barabara hiyo. Hapo pia pana mizani ya serikali ipimayo malori. Lori lililozidi uzito wa sheria, ambao ukomo wake wa juu katika Afrika Mashariki ni tani 56, huzuiliwa. Lisilozidi huenda zake. Katikati ya malori hayo hupita magari madogo yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, yakiendeshwa kwa magurudumu yao wenyewe kwenda Zambia, Malawi na Kongo. Watu huyaita magari ya IT, kwa herufi za vibao vyao vya safari. Kwa hiyo wenyeji wa Mpemba huyatazama magari kama watu wa pwani watazamavyo majahazi: hujua lipi limetoka mbali, lipi limechoka, na lipi limepakwa rangi ili uchovu wake usionekane. Ila kulitambua gari linalopita ni jambo moja, na kulinunua kwa fedha ya jasho ni jambo jingine.

Miongoni mwa magari yaliyokoma kuundwa, ni machache yaliyozoeleka katika barabara za Tanzania kama Toyota Mark II, gari la familia la milango minne, lenye buti pana nyuma na injini mbele. Lilianza kuundwa Japani mwaka 1968 kwa jina la Corona Mark II, likakusudiwa kujaza nafasi iliyokuwa kati ya Corona, gari la mtu wa kadiri, na Crown, gari la mkubwa. Mwaka 1984 jina la Corona liliondolewa, likabaki Mark II peke yake. Katika nchi nyingi za ng'ambo liliuzwa kwa jina la Cressida. Ndugu zake wawili, Chaser na Cresta, walitofautiana nalo kwa sura zaidi kuliko kwa tabia, nao wakakoma mwaka 2001. Toleo la mwisho la Mark II lenye buti, ambalo mafundi huliita GX 110 kwa herufi na namba za chasisi yake, lilitoka mwaka 2000, likakoma mwaka 2004. Lilirithiwa na Mark X, nalo likakoma Desemba 2019. Hivyo ukoo wa miaka 51 ukafungwa.

Ukubwa wa gari hili una kisa chake. Kwa sheria ya Japani, gari lisilozidi mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana, na lita 2 kwa injini lilihesabiwa katika daraja la magari madogo. Lililovuka hata kipimo kimoja kati ya hivyo liliingia daraja la juu na kutozwa kodi nzito. Kodi hiyo iliporekebishwa mwaka 1989, waundaji walipata nafasi ya kupumua, na Mark II la mwaka 1992 likanenepa kupita mpaka wa zamani. Marekani gari hilo lisingeitwa kubwa. Mpemba, ambako magari mengi ya watu binafsi ni ya injini ya lita moja na nusu au pungufu, huhesabiwa kuwa gari kubwa la familia, na mwenye nalo huonekana kuwa mtu aliyefika mahali.

Kuzimwa kwake hakukutokana na ubovu. Wanunuzi wa nchi tajiri waligeukia magari yaliyoinuka juu na yale yabebayo watu wengi. Wakayaacha magari ya buti kama watu waachavyo mtindo wa nguo. Australia iliacha kuunda Ford Falcon mwaka 2016 na Holden Commodore mwaka 2017. Marekani iliacha kuunda Ford Taurus mwaka 2019 na Chevrolet Impala mwaka 2020. Yote yalikuwa magari ya familia yaliyowahi kuwa fahari ya nchi zao. Kilichoachwa, basi, si lazima kiwe kibaya; macho ya wanunuzi huhama hata pale kitu kisipokosa lolote. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mkono wa Japani ulisaidia pia kuyafikisha magari hayo Afrika yakiwa bado na nguvu. Huko gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo si ndogo. Tena gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake huongezwa. Mjapani mwenye gari zima la miaka 9 au 11 huona ni heri aliuze kuliko kulipia karatasi zake. Hivyo kilichokuwa mzigo kwake huwa neema kwa mtu wa Mbeya au Lusaka. Ila neema hiyo ina mpaka. Kenya haiingizi gari lililozidi miaka 8. Tanzania haizuii, lakini hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, na ushuru wa bidhaa hupanda injini inapozidi sentimita za ujazo 2,000. Injini ya GX 110 ina sentimita 1,988. Iko chini ya mpaka huo kwa kijiko kimoja tu. Nduguye JZX 110, mwenye lita 2.5, yuko juu yake. Hii ni sababu mojawapo ya GX kuonekana zaidi. Na kwa kuwa ushuru wa umri umekuwa mzito, Mark II zinazouzwa leo ni aghalabu zile zilizokwisha kukaa nchini kwa miaka mingi, zikapita katika mikono mitatu au minne.

Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mpemba, alifikia swali hili akiwa na fedha ya mafao mkononi na haja kubwa nyumbani. Mkewe alikuwa na maradhi ya magoti, na kila mwezi alipaswa kwenda kliniki Mbeya. Njia ni karibu kilomita 95 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Katika basi dogo alikaa amekunja miguu kwa saa nyingi, kwa maana malori yakisongamana njiani safari haina saa ya kufika. Akishuka, hutembea kwa kushika ukuta. Fedha ya mafao haiji mara mbili. Mtu wa makamo akinunua kitu kibaya hujipa moyo kwamba atafanya kazi apate tena. Mstaafu hana neno hilo la kujifariji. Ndiyo sababu mwalimu yule, ambaye maisha yake yote alikuwa hajanunua kitu kikubwa kuliko baiskeli na bati za nyumba, alilichukua jambo hili kama mtu achukuavyo mtihani.

Wa kwanza kumjia alikuwa dalali. Alileta Mark X jeusi, linang'aa kama kiatu cha harusi, na bei yake ilikuwa nusu ya ile iliyojulikana mjini.

"Mzee wangu," alisema dalali, "hili ndilo la kisasa. Mark II ni gari la marehemu. Hili lilikuwa likienda Nakonde. Mwenyewe kapatwa na shida, anataka fedha leo."

"Kadi yake iko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Kadi itafuata, mzee wangu. Wewe endesha kwanza."

Maneno hayo mawili, "kadi itafuata," ndiyo hatari kubwa ya kununua gari mpakani, na imewazamisha watu wenye elimu kuliko mwalimu yule. Gari lipitalo nchini kwenda nchi jirani halilipiwi ushuru wa Tanzania, kwa sababu halikusudiwi kubaki. Likiachwa njiani na kuuzwa kwa siri huwa mali ya magendo, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huruhusu likamatwe popote lionekanapo. Mwenye kupoteza hapo ni yule aliyeshika usukani siku ya kukamatwa; dalali atakuwa amekwisha badilisha namba ya simu. Bei ya nusu, ikitazamwa vizuri, haina muujiza wowote: sehemu kubwa ya nusu iliyopunguzwa ni haki ya Hazina ambayo haijalipwa, nayo bado inadaiwa. Kununua gari namna hiyo ni kununua mbuzi katika gunia, tena gunia la mtu mwingine. Mwalimu alishukuru, akamsindikiza dalali hata barabarani.

Ingawa hivyo, hata kama karatasi za Mark X lile zingekuwa safi, shauri lisingekuwa jepesi. Injini yake ya lita 2.5 ina silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V, na petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mkazo mkubwa. Ni ustadi mkubwa wa wahandisi, lakini hutaka petroli safi, na huhitaji fundi mwenye vyombo vya kuusoma ugonjwa wake. Injini ya GX 110 nayo ina silinda 6, lakini zimepangwa mstari mmoja, na petroli yake hupulizwa katika njia ya hewa kwa namna ya zamani. Isitoshe, injini hiyo, iitwayo 1G, ilitiwa pia katika Crown, Chaser, Cresta na Altezza; na vipuri vyake hupatikana kila palipo na gari mojawapo la ukoo huo. Hapo kweli moja ya ajabu hujitokeza. Mark X lilikufa kiwandani miaka 15 baada ya Mark II. Lakini katika karakana ya Mpemba, kwa fundi yule na vyombo vile, Mark II lilikuwa mbali zaidi na kifo chake cha pili. Tarehe ya kiwanda haikumsaidia mnunuzi kujua hilo.

Baada ya dalali zilikuja habari za Mark II mbili. Moja ilikuwa Tunduma mjini, ina namba D. Nyingine ilikuwa ya mtumishi mmoja aliyehamishiwa mkoa wa mbali, ina namba C. Mwenye namba D alitaka milioni 10. Mwenye namba C alitaka milioni 8. Katika Tanzania herufi ya kwanza kati ya zile tatu za kibao cha gari imekuwa kipimo cha heshima. Magari yaliyosajiliwa mwanzo yalipewa A, yakafuata B, C, D, kisha E, na watu husema "namba D" kwa sauti ile ile wasemayo "shamba la bondeni." Lakini herufi hiyo hueleza siku gari lilipoandikishwa nchini, wala haielezi siku lilipoundwa. Magari mawili yaliyotoka kiwandani mwezi mmoja huweza kuwa na herufi mbili, ikiwa moja lilikaa Japani miaka mingi zaidi kabla ya kuvuka bahari. Mwalimu alipoomba kadi zote mbili na kuzilinganisha, aliona kwamba yote yaliundwa mwaka 2001. Tofauti ya milioni 2 ilikuwa bei ya herufi moja. Huenda lile la pili lilitunzwa vema zaidi ng'ambo. Huenda pia lilisimama uani likinyeshewa. Herufi haikuwa na habari hiyo, na mwalimu, aliyefundisha herufi kwa miaka mingi, hakuona sababu ya kuinunua moja kwa bei hiyo.

Alimwita fundi kijana wa pale pale Mpemba, aliyekuwa zamani mwanafunzi wake. Darasani hakuwa mtu wa kusifiwa. Hesabu zilimshinda, akatoka shuleni mapema. Walikwenda pamoja kwa mtumishi yule alasiri, na fundi akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya kusema lolote.

"Mwalimu, twende zetu nyumbani," alisema. "Gari hili limewashwa sasa hivi. Kesho alfajiri nataka nilikute limelala."

Mtumishi hakukasirika, alieleza kwamba alilipeleka gari kisimani. Huenda ilikuwa kweli. Lakini injini yenye joto huficha mengi, kama mgonjwa aliyekwisha meza dawa kabla ya kuonana na mganga. Asubuhi ya pili walirudi kabla ya jua, na baridi ya nyanda za juu ilikuwa bado katika vyuma. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akatazama upande wake wa ndani. Kama pangekuwa na utando wa rangi ya maziwa, ingekuwa dalili kwamba maji yanachanganyika na oili, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Palikuwa peusi, pasafi. Alifungua rejeta, akaona maji yenye rangi ya dawa yake wala si ya kutu. Ndipo akaomba liwashwe, naye akasimama nyuma penye ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto ni maji. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Ulitoka mvuke kidogo wa baridi, ukakatika.

Alichomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akaifuta katika kitambaa cheupe. Oili hiyo ikiwa nzima huwa nyekundu; ikiwa kahawia na kunuka kuungua, giaboksi ya otomatiki ina siku chache. Ilikuwa imefifia, lakini haikunuka. Alilala chini ya gari na kurunzi, akatafuta kutu mahali pawili: penye viungio vya miguu ya nyuma na pembezoni mwa sakafu, kwa maana barabara za kaskazini mwa Japani humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma miaka mingi baada ya theluji kusahauliwa. Alitikisa kila gurudumu kwa mikono miwili. Bushi za mbele zilikuwa zimechoka zote, na boljointi moja ya kushoto ilicheza. Alisoma tarehe katika matairi, ambazo watu wengi hawajui kama zimeandikwa: tarakimu nne za mwisho, mbili za juma na mbili za mwaka. Matairi mawili yalikuwa na miaka zaidi ya 10, ijapokuwa nyayo zake zilionekana nzima. Mwisho alilinganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kadi. Zililingana zote; na hilo ni jambo la kushukuriwa katika nchi ambamo injini kuukuu hununuliwa na kubadilishwa kama betri, na wengi husahau kuandikisha mabadiliko hayo.

"Mita inasema kilomita 140,000," alisema mwalimu.

"Mita hurudishwa, Mwalimu. Mimi nimetazama pedali ya breki na kiti cha dereva. Pedali imekwisha mpira, kiti kimezama. Hili limetembea mara mbili ya hapo." Kisha akaongeza, "Lakini limetembea vizuri. Ila mkanda wa taimingi haujulikani ulibadilishwa lini. Ukikatika njiani, valvu za injini hii hupinda. Tuhesabu kwamba haujabadilishwa."

Neno hilo la mwisho lilikuwa na busara kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya mafundi. Katika gari kuukuu jambo lisilojulikana lihesabiwe kuwa baya, na bei itajwe juu ya hesabu hiyo. Kijana aliyeshindwa na hesabu za ubao alifanya hesabu ya mkanda, pampu ya maji, bushi, boljointi, oili zote na matairi mawili. Akaiandika nyuma ya karatasi ya sigara. Ilifika milioni moja na laki nne.

Ilibaki hesabu ya petroli, nayo haikuwa ya fundi. Watoto wa mwalimu, waliokuwa Dar es Salaam, walimshauri kwa simu anunue IST, gari dogo la kisasa lipendwalo na vijana. Neno lao lilikuwa na uzito. Mark II la namna hii hutembea kilomita 8 hadi 10 kwa lita moja. IST huweza kufika 15. Kwa safari ya Mbeya kwenda na kurudi, kilomita 190, moja litakunywa kama lita 21 na jingine kama lita 13. Lita 8 kila mwezi ni fedha, hasa mpakani, ambako bei ya petroli iliyosafirishwa kutoka bandarini huwa juu ya bei ya Dar es Salaam. Lakini aendaye mjini mara moja kwa mwezi hapotezi kama aendaye kila siku. Mwalimu alizidisha lita 8 kwa miezi 12, akapata lita 96. Akaona kwamba tofauti ya bei kati ya Mark II lile na IST lililo zima ingenunua petroli hiyo kwa miaka mingi. Hesabu hiyo hiyo, kwa dereva wa teksi wa Tunduma, ingetoa jibu la kinyume. Naye angekuwa mjinga kumwiga mwalimu. Tena ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikilimbikiza deni hata kwa gari lililosimama uani, ilifutwa mwaka 2017 na nafasi yake ikachukuliwa na tozo katika mafuta. Hivyo mwenye kutumia gari kidogo hulipa kidogo.

Mtihani wa mwisho haukuwamo katika hesabu yoyote, nao uliombwa na mke wa mwalimu. Alikuwa amenyamaza siku zote zile.

"Baba," alisema, "mmetazama moshi, mmetazama matairi. Mimi ndiye nitakayekaa. Nipelekeni nikakae."

Alipelekwa. Kuingia kulimtaabisha, kwa sababu kiti cha Mark II kiko chini, na mwenye magoti mabovu hushuka kama anayechutama. Hiyo ni aibu ya magari ya namna hii, na IST lililoinuka kidogo lingemfaa zaidi katika jambo hilo. Lakini alipokwisha kukaa nyuma alinyoosha miguu yote miwili upande upande, akafunga macho, akamwambia dereva aende mpaka njia ya Ileje na kurudi. Walipovuka mabonde yaliyochimbwa na malori katika lami, gari liliyapita kama mtumbwi upitavyo wimbi dogo. Aliporudi alisema kwamba kuingia kuna maumivu ya dakika moja, na kukaa katika basi kuna maumivu ya saa 4. Naye anajua kuhesabu.

Gari lilinunuliwa kwa milioni 6 na laki nane. Karatasi ya fundi ndiyo iliyopunguza bei, kwa sababu muuzaji hakuweza kubishana na bushi. Walikwenda pamoja katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, umiliki ukahamishwa kabla ya fedha yote kukabidhiwa. Matengenezo yote ya karatasi ile yalifanywa katika juma la kwanza, kabla gari halijaonja njia ya Mbeya. Maana wengi hununua gari kwa fedha yao yote, kisha huliendesha likiwa gonjwa wakingoja fedha ya dawa, hata ugonjwa wa laki moja ukazaa wa milioni.

Haifai mtu kusoma habari hizi akadhani kwamba Mark II ni gari la kumfaa kila mtu. Halimfai asiye na fundi wa karibu anayemwamini. Halimfai aendaye kila siku, wala akaaye kijiji ambacho njia yake ni mawe na matope, kwa kuwa tumbo lake li karibu na ardhi. Na kifo chake cha pili kinakuja, tena kitaanzia mahali pasipodhaniwa. Moyo wa gari utaendelea kupata vipuri kwa sababu umegawanywa na magari mengi, ngozi haikugawanywa. Taa za mbele za GX 110, bampa, vioo vya milango, vishikio vya plastiki, vilifanywa kwa ajili ya gari hilo peke yake, na kila kimoja kivunjikacho leo hutafutwa katika mizoga ya mengine. Siku mizoga itakapokwisha, injini nzima itasimama ndani ya gari lisilo na taa.

Mwalimu alilijua hilo, kwa kuwa fundi alimwambia. Alichukua daftari la shule la kurasa 96, akalipiga mistari mitatu. Katika safu ya kwanza huandika safari na sababu yake; katika ya pili petroli; katika ya tatu matengenezo, hata ya shilingi elfu mbili. Kila mwisho wa mwaka hujumlisha safu ya pili na ya tatu, akagawanya kwa idadi ya safari za kliniki, na jibu hulilinganisha na nauli ya teksi ya kukodi kwenda Mbeya na kurudi. Maadamu jibu liko chini ya nauli hiyo, gari ni hai. Likipita, litakuwa limekufa, hata kama injini itawaka kila alfajiri bila moshi. Nao watalishukuru, watauza vyuma vyake kwa wenye kuvihitaji, na kutafuta njia nyingine ya kumfikisha Mama kliniki.